Mahameli ya Porini

Mimi ni fundi makochi, na fundi makochi ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kupita karibu na kitambaa bila kukigusa. Nikienda msibani, wenzangu wanampa pole mfiwa, mimi natomasa kiti nilichokalia nijue ndani kuna sponji au matambara. Nikiingia ofisi ya watu, mkono unajiendea wenyewe kwenye mgongo wa kochi la wageni. Marehemu mke wangu alikuwa akinikanyaga mguu kila nilipoanza kupapasa mapazia ya wenyeji wetu. Tangu aondoke hakuna wa kunikanyaga, na ndiyo maana yakanikuta haya.

Yalianza binti yangu alipopata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi wa wagonjwa mahututi. Kozi yenyewe ni ya nusu mwaka, mji wa mbali, na bweni lao haliruhusu watoto. Mumewe ni dereva wa malori. Nyumbani kwake anapita kubadilisha shati. Ikabidi mtoto atafutiwe pa kukaa. Mtoto mwenyewe ana miaka minne, ana maswali kuliko polisi, na ana mashavu yaliyonifanya nimwite Sponji tangu siku ya kwanza nilipompakata.

Wagombea tulikuwa wawili. Huku mimi, mgane anayelala chumba cha nyuma ya karakana yake. Kule bibi yake mzaa baba, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye hata chafya anaipigia mahesabu. Ana bustani, ana uzio, ana kabati la dawa lenye kufuli. Mimi na yeye tunaitana mkwe na tunasalimiana kwa heshima zote. Nikiwa peke yangu namwita Mwalimu Mkuu, kwa sauti ambayo haina heshima hata kidogo.

Niseme wazi kwamba nilimtaka yule mtoto. Si kwa sababu ningemlea vizuri zaidi. Hilo hata mimi nisingelitolea ushahidi. Nilimtaka kwa sababu nyumba yangu imekuwa kimya mno. Nimefikia mahali nayasalimia makochi asubuhi, na kuna moja la mviringo nililiomba radhi kabla ya kulichana. Sponji akija kunitembelea, nyumba inapata mtu. Akiondoka, vile vipande vya vitambaa alivyovitawanya naviacha palepale chini, navivuka kwa uangalifu siku nzima, sitaki kuviokota.

Basi binti yangu akaja na Sponji kufanya ukaguzi. Hakuuita hivyo, lakini mtu anayekuja kumsalimu baba yake haanzi kwa kuinama chini ya meza ya kazi.

“Baba, hiki nini?”

“Msumari.”

“Na hiki?”

“Msumari mwenzake.”

“Na hii gundi mbona iko wazi?”

“Inapumua.”

Hakucheka. Kazi ya hospitali imemharibia utani, zamani alikuwa anacheka mpaka anapaliwa.

Wakati huo Sponji alikuwa amesimama mbele ya kiti kipya cha mteja, mikono nyuma, ananisubiri. Kwangu ipo sheria: kitambaa kinaguswa na Babu kwanza. Babu anapitisha kiganja, halafu mgongo wa mkono, halafu shavu. Ndiyo, shavu. Kiganja changu kimeota sugu, hakina habari na chochote, lakini shavu linaigundua pini iliyosahaulika, linajua mahameli ya kweli na ile ya kughushi. Nikisharidhika nasema “Tayari!” na hapo ndipo mikono ya Sponji inapotoka mgongoni na kukivamia kitambaa. Nisijitie utakatifu: sheria hiyo niliitunga siku aliyochora ramani ya juisi kwenye kochi jeupe la mwanasheria mmoja. Nililolionea huruma lilikuwa kochi.

“Jumamosi twende tukatembee mashambani,” binti yangu akasema, akijipangusa vumbi magotini. “Sisi sote. Nimeshamwambia na mama.” Mama yake huyo ni mama mkwe wake, yaani Mwalimu Mkuu.

“Kutembea tu?”

“Kutembea tu, Baba. Mtoto apate hewa.”

Hewa! Mimi si mtoto wa jana. Nilijua naitwa kwenye usaili.

Nikajiandaa kama bwana harusi. Nikanunua kofia pana ya majani. Nikashona mito midogo ya kukalia, yenye mikanda ya kuvaa mgongoni, kila mtu na wake, na wa Mwalimu Mkuu nikautarizi ua, ili ionekane wazi nani ni mtu mwema. Yeye akashuka garini amevaa mabuti ya mpira, blauzi ya mikono mirefu, fimbo mkononi na filimbi shingoni.

“Mkwe, filimbi ya nini?”

“Ya dharura, Mkwe.”

“Tunakwenda kutembea, hatuendi vitani.”

“Tutaona,” akasema, akaupokea mto wangu kwa vidole viwili.

Njia ilipita pembeni ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, kisha ikapanda taratibu kwenye vichaka kuelekea kijito. Kilikuwa kiangazi, majani yamekauka, upepo unavuma na kutulia. Sponji alitangulia akiuliza kila jiwe jina lake. Nami sikuwa nimefika mbali nikaunyoosha mkono kwenye ua wa minyaa uliozunguka shamba la mtu. Vile vijiti vyake vya kijani visivyo na majani ni laini, vinene, vinavutia kubinywa.

“Usivunje hapo, Mkwe!” Filimbi ilikuwa imeshafika mdomoni. “Ule utomvu mweupe ukiingia jichoni, jicho limekwenda.”

“Mkwe, mimi nimekulia mashambani. Hii mimea ni ndugu zangu.”

Uongo mtupu. Nimekulia nyuma ya kiwanda cha magodoro, na mmea pekee niliowahi kuwa karibu nao ni usumba wa nazi wa kujazia magodoro. Binti yangu anajua hivyo vizuri, kwa sababu likizo zake zote alikwenda kwa wazazi wangu palepale nyuma ya kiwanda. Alinitazama, akaendelea kutembea.

Mbele kidogo Sponji akaona maua meupe marefu yaliyofunguka kama tarumbeta.

“Babu, nataka lile!”

“Lile halichumwi,” Mwalimu Mkuu akaniwahi. “Ni sumu lote, ua mpaka mizizi. Anayekula mbegu zake anaanza kuongea na watu wasiokuwepo.”

“Mimi naongea nao kila siku,” nikasema, “na sijala hata mbegu moja.”

Nilidhani nimechekesha. Binti yangu alinigeukia, akaniangalia kwa muda, nami nikainama kama ninayefunga kamba za viatu. Viatu vyangu ni vile vya kuchomeka mguu, kamba havina.

Tukaendelea hivyo: yeye anataja hatari, mimi namtania. Vijitunda vyekundu, sumu. Majani yenye miba ya unyoyaunyoya, yanawasha. Uyoga, ndiyo kabisa. Nikamwambia, “Mkwe, kwa hesabu zako hata jua hili limekosea kutoka.” Nilikuwa najiona nimeshinda. Babu mchangamfu, bibi mwoga. Mtoto mwenyewe atachagua, na mama yake ataona. Kisha bahati ikanipendelea zaidi, au ndivyo nilivyofikiri. Buti la kushoto la Mwalimu Mkuu lilikuwa limemuuma kisigino tangu tulipoanza, na hakusema mpaka lengelenge likapasuka. Akakalishwa juu ya mto wangu wenye ua, binti yangu akapiga magoti akitafuta plasta mkobani. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

“Twende, Sponji, tukakione kijito.”

“Baba, msifike mbali,” binti yangu akasema bila kuinua kichwa. “Na tafadhali usiguse kitu.”

“Mimi tena?”

“Wewe.”

Baada ya kona, njia ikawa nyembamba. Mti mmoja ulikuwa umeinama juu yake, na juu ya mti huo umetambaa mmea ambao sijawahi kuuona. Maganda yake yalining'inia mafungu kwa mafungu, yamepinda kidogo, rangi ya dhahabu iliyokolea kuelekea hudhurungi, na yamevaa manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja. Jua lilikuwa limeyapiga sawasawa.

“Babu, mikia ya paka!”

Mimi sikuona mikia ya paka. Niliona mahameli. Wala si mahameli ya siku hizi inayonyonyoka mteja akiikalia mara moja. Niliona ile ya zamani, nzito, na ya rangi ambayo nimeitafuta madukani nikachoka, kwa ajili ya kiti kimoja tu. Ni kiti alichokuwa akikalia mke wangu. Alipofariki nilikivua kitambaa kilichochakaa nikasema nitakivika kipya, na mpaka leo kiko uchi pembeni ya karakana kwa sababu kila rangi naiona si yake. Na sasa rangi yenyewe hii hapa, inaning'inia porini.

Sponji alikuwa ameshaweka mikono nyuma. “Babu kwanza,” akanikumbusha.

“Babu kwanza,” nikakubali.

Nikapitisha kiganja. Sugu zangu hazikuniambia lolote. Nikapitisha mgongo wa mkono. Laini, tena ina uzito. Basi nikavuta kifungu kizima, nikafumba macho, nikakilaza shavuni na kukiburuta taratibu kutoka sikioni hadi kidevuni, kama nifanyavyo na kitambaa cha mteja mkubwa. Kwa kuwa mimi si mtu wa kulipua kazi, nikahamia shavu la pili. Kisha shingo.

Upupu naujua. Nani asiyeujua? Shuleni kwetu ulikuja ndani ya kikaratasi kilichokunjwa, ungaunga wa kahawia, ukanyunyizwa kwenye dawati la mtu aliyechukiwa, na darasa zima likakaa linamtazama. Ila mtoto wa nyuma ya kiwanda cha magodoro anaujua ukiwa kwenye karatasi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kabla ya karatasi unakaa juu ya mti, umependeza, unawangoja mafundi makochi.

Ulianza kama sisimizi mmoja chini ya sikio. Nikampiga kofi. Ndipo wakaja ndugu zake wote. Shingo ikawaka, mashavu yakawaka, mikono ikawaka mpaka kwenye viwiko, na kila nilipojikuna nikawa naupeleka mahali ambapo haukuwa na mpango wa kwenda. Nikavua kofia nikaitupa. Nikavua shati nikalitupa pia, na katika kulivua nikajifuta nalo mgongo wote. Kwa akili zangu nilidhani najisaidia.

“Babu anacheza!” Sponji akashangilia, mikono bado nyuma.

Kisha akaniona uso. Kicheko kikakatika, mdomo ukapinda, akaanza kulia na kunijia. Mtoto huyu akiogopa ana mahali pamoja tu pa kukimbilia, nako ni magotini kwangu. Ananikumbatia miguu, anasugua uso kwenye suruali, basi, yameisha. Siku zote napenda anavyofanya hivyo. Siku ile nilimwona anakuja nikarudi nyuma, kwa sababu suruali yangu, mikono yangu, mimi mzima nilikuwa upupu.

“Simama hapohapo!”

“Babu, nibebe!”

“Usinisogelee! Nenda kwa Bibi!”

Maneno hayo, kwa kinywa changu mwenyewe. Nenda kwa Bibi. Nilikuwa nimeapa kwamba hayatanitoka maishani, na yalitoka kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde.

Hakwenda. Upepo ukavuma, yale maganda yakatikisika, na yeye amesimama karibu kabisa na mti. Siwezi kumbeba, siwezi kumsukuma, siwezi hata kumshika kola. Nikateremka kwenye miiba chini ya njia, nikamzunguka kwa mbali, nikatokea upande tuliotoka, nikaanza kurudi kinyumenyume huku mikono iko juu. “Nifuate, Sponji! Njoo! Usifike karibu! Njoo! Baki mbali!” Mtoto wa watu akawa hajui afuate amri ipi, akazifuata zote mbili kwa zamu. Nikisimama, anakaribia. Akikaribia, nakimbia. Nikikimbia, analia zaidi. Nilikuwa natamani kujibwaga chini nijisugue kwenye changarawe kama punda, lakini nikijibwaga atanifikia. Nikajikaza kisabuni, nikaendelea kukimbia.

Hivyo ndivyo walivyonikuta walipotokea kwenye kona: mzee kifua wazi, mikono juu, machozi yanamtoka, anamkimbia mtoto wa miaka minne. Mwalimu Mkuu akapuliza filimbi. Sijui kwa faida ya nani.

“Mkamateni mtoto!” nikapiga kelele. “Msiniguse mimi!”

Binti yangu alimnyakua Sponji akamweka nyuma yake. Mwalimu Mkuu akachechemea mpaka karibu yangu, akanichunguza kwa umbali wa fimbo.

“Mkwe, umegusa nini?”

“Mahameli.”

“Mahameli gani porini?” Akaangalia njia nilikotoka, akarudisha macho. “Ya rangi ya dhahabu? Inaning'inia?” Nikatikisa kichwa kukubali. “Huo ni upupu, Mkwe. Umeushika kwa mkono?”

“Kwa mkono.”

“Sasa mbona mashavu ndiyo yameumuka hivi?”

Nikatazama viatu vyangu.

“Mkwe. Umejipaka upupu mashavuni?”

“Na shingoni,” nikasema, maana aibu ikishazidi kiasi haina haja ya kufichwa nusu.

Binti yangu aliingia kazini palepale. “Usiguse macho! Fumbua. Tazama juu. Unaona vizuri?” Akanimwagia maji ya chupa machoni, akaridhika, halafu akamwachia uongozi mama mkwe wake, kwa sababu mwenye uzoefu alikuwa huyo. Tulishuka wote mpaka kijitoni, mimi nikitangulia kama mfungwa. Sponji akawekwa kwenye jiwe kubwa la mbali, akaambiwa asiondoke.

“Usijikune,” Mwalimu Mkuu akaamuru, anachota tope la ukingoni kwa kipande cha ubao. “Ukijikuna unausambaza na kuuzamisha. Tope likikauka linaondoka nao.”

“Nitajikuna kidogo tu, Mkwe.”

“Hata kidogo! Mikono chini!”

Nikaweka mikono chini. Mwalimu mkuu mstaafu akanipaka tope, mimi mkwe wake, mashavu, shingo, kifua na mgongo, mbele ya binti yangu na mbele ya mbingu. Nilitamani kijito kile kiwe na kina cha kunizamisha.

“Wewe uliyajulia wapi haya?” nikamuuliza, angalau nisikie sauti yangu.

“Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha waliniwekea kwenye kiti.” Akachota tope jingine. “Nilifundisha hesabu mpaka kengele ilipolia.”

“Ukiwa umekaa?”

“Nimekaa. Nisingewapa hiyo raha.”

Nikamtazama yule mama kwa macho mapya, ingawa macho yangu wakati huo yalibaki nyufa mbili tu. Nikaona pia kwamba mkono wake wa kulia, alionipaka nao, anausugua kwa siri kwenye sketi. Upupu ulikuwa umempata na yeye, na alikuwa anafundisha hesabu.

Tope likaanza kukauka na kunivuta ngozi. Moto ukapungua kidogo, na kichwa kikapata nafasi ya kufikiri, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Nilimwona binti yangu ameketi ukingoni, amejishika tama. Nilijua anachokifikiria. Hata mimi ningekuwa yeye ningekifikiria hichohicho, tena kwa sauti.

“Mpeleke kwa bibi yake,” nikasema.

“Baba...”

“Mpeleke. Umeniambia nisiguse kitu, na hata lile lengelenge halijafungwa plasta nimeshagusa. Mimi mwenyewe sijiwezi, mtoto nitamwezaje?” Nilitaka kuongeza utani hapo, ninao siku zote, lakini haukuja. “Nilimtaka sana, mwanangu. Nyumba ile imenishinda peke yangu. Lakini hiyo si sababu ya kumpa mtu mtoto.”

Mwalimu Mkuu alijifanya anaosha ubao. Binti yangu akainuka, akaenda kwenye lile jiwe, na ukali wa hospitali ukamrudia sautini.

“Haya, wewe. Uligusa yale manyoya?”

Sponji akatikisa kichwa kukataa.

“Nionyeshe mikono.”

“Hapana.”

“Nionyeshe mikono nione kama umewashwa.”

“Babu hajasema tayari.”

Ndipo wote tukamtazama vizuri. Mikono yake ilikuwa nyuma. Ilikuwa nyuma tangu kule juu penye mti. Alicheka ikiwa nyuma, akalia ikiwa nyuma, akanikimbiza njia nzima ikiwa nyuma. Makamasi yalikuwa yamemfika kidevuni na hakuwa ameyapangusa.

“Hajasema nini?” binti yangu akauliza taratibu.

“Tayari. Babu anashika kwanza. Akisema tayari, mimi nashika.” Akavuta kamasi. “Alisema aaaa! Hakusema tayari.”

Binti yangu akakaa chini palepale kwenye kokoto, akamtazama mtoto wake kama vile ndiyo kwanza wanafahamiana. “Mimi nikimwambia asiguse sufuria,” akasema, hajui anamwambia nani, “lazima aiguse ndipo aamini.”

“Kwangu alifungua kabati la dawa,” Mwalimu Mkuu akasema.

“Lile lenye kufuli?” nikauliza.

“Funguo nilizisahau mezani.” Akakohoa. “Hakunywa kitu. Nilikuwa sijawaambia.”

Hapo ndipo mtu muungwana angesimulia habari ya kochi jeupe la mwanasheria. Nilifungua mdomo nisimulie. Tope lilikuwa limekauka, likanivuta midomo, na katika kule kuvutwa nikapata muda wa kumtazama binti yangu jinsi anavyonitazama. Nikaufunga. Kwa mara ya kwanza siku ile nikaona kitu nikakiacha bila kukigusa.

“Ile misumari chini ya meza itaondoka lini?” binti yangu akauliza.

“Leo.”

“Na gundi?”

“Haitapumua tena.”

Akacheka. Alicheka kile kicheko cha zamani mpaka akapaliwa, na mimi chini ya tope nikahisi kitu kikinilegea kifuani ambacho hakikuwa upupu. “Jumapili namleta na nguo zake,” akasema alipopata pumzi. “Na mama atakuwa anapita kukagua.”

“Nitakuja na filimbi,” Mwalimu Mkuu akasema, na safari hii akajikuna waziwazi.

Sponji alikuwa bado amesimama kwenye jiwe lake, anatuangalia mmoja mmoja. “Tayari?” akaniuliza.

“Kwa Mama, tayari. Kwa Babu, bado.”

Mikono ikatoka, akamrukia mama yake shingoni. Nami nikabaki palepale, nimekauka, nawatazama.

Jumapili uso wangu ulikuwa umepungua, lakini si wa kupigia picha. Karakana niliifagia nikaifagia tena, nikapitisha sumaku chini ya meza hadi ikaacha kunasa kitu. Suruali ya siku ile niliichoma moto. Kiti cha mke wangu nilikitoa pembeni nikakiweka katikati, bado kiko uchi, nikaamua rangi nitachaguliwa na mtu mwingine.

Sponji akaingia mlangoni na begi lake mgongoni, mama yake nyuma yake. Nilitanua mikono. Hakuja. Alisimama kizingitini, akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kwenye mashavu yenye vipele, na mikono yake ikaenda nyuma.

Nikaelewa. Nikapitisha kiganja juu ya shati langu, kifuani mpaka tumboni, polepole, ili aone. Nikapitisha mgongo wa mkono. Kisha nikainamisha kichwa nikalilaza shavu kwenye bega langu mwenyewe, nikasikiliza. Hapakuwa na kitu.

“Tayari,” nikasema.